Saratani ya tezi dume iliyowahiwa: kufuatilia, mionzi, mbegu, HIFU au kisu?

Baba mdogo aliileta karatasi ya majibu ikiwa imekunjwa mara nne ndani ya mfuko wa shati. Akaikunjua juu ya meza ya barazani kwake Tanga, akaigandamiza kwa kikombe cha kahawa isipeperuke. Umri miaka 64. PSA, kile kipimo cha damu cha tezi dume, 7.8. Vinyama 12 vimechukuliwa, viwili vina saratani, alama ya Gleason, inayoonyesha ukali wa seli za saratani, 3+3=6.

Kufikia siku hiyo alikuwa ameshashauriwa na watu watatu. Daktari aliyempima alimwambia akatwe, tezi itolewe yote. Mwanawe aliyeko Birmingham alimpigia simu akimsihi asikubali kisu, atafute nauli akafanyiwe HIFU, ile ya kuunguza kwa mawimbi ya sauti. Na jirani, kwa nia njema kabisa, alikuwa ameshamletea unga wa dawa kwenye chupa ya plastiki. "Sasa mwanangu," akaniuliza, "ipi ambayo haitaniumiza?"

Mimi si daktari. Ni mtoto wa familia niliyebeba mafaili, nikakaa naye kwenye mabenchi ya kliniki na kusoma kila nilichoweza kukielewa kwa miezi mitano. Haya ninayoyaandika ni ya kukusaidia uingie kwa daktari ukiwa na maswali mkononi.

Ijue kwanza saratani yako ni ya daraja gani

Ulinganisho huu unamhusu mwanaume ambaye saratani yake bado imo ndani ya tezi, haijatoboa ganda wala kufika kwenye mifupa. Wengi wetu huku hatuigundui mapema hivyo. Tunakwenda hospitali mkojo umeshagoma au mgongo umeshaanza kuuma. Aliyeiwahi ana nafasi ya kuchagua, na wiki kadhaa za kutafuta maoni ya daktari wa pili kwa kawaida hazimpotezei kitu, kwa sababu saratani hii mara nyingi hukua polepole.

Mambo mawili huchanganywa sana. Tezi dume kuvimba kwa sababu ya umri si saratani. Na ule upasuaji wa kukwangua tezi kupitia njia ya mkojo humfungulia mtu mkojo, lakini hauitibu saratani. Nimekutana na mzee kliniki aliyeamini ameshapona kwa sababu "alikwanguliwa" mwaka uliopita.

Madaktari hupanga hatari hivi. Gleason 6 na PSA chini ya 10 ni hatari ndogo. Gleason 7, au PSA kati ya 10 na 20, ni hatari ya kati; na hapo 3+4 ni afadhali kuliko 4+3 ingawa jumla yake ni ileile, maana namba ya kwanza ndiyo ya seli zilizo nyingi zaidi. Gleason 8 hadi 10, au PSA iliyopita 20, ni hatari kubwa. Mwenye hatari kubwa asipoteze muda kutafuta njia nyepesi. Tiba yake ni mionzi pamoja na dawa za kushusha homoni kwa muda mrefu, au upasuaji, na mara nyingine vyote. Makala hii ni ya wale wa madaraja mawili ya kwanza.

Nyepesi maana yake nini?

Tukisikia "tiba nyepesi" tunawaza ukubwa wa kidonda. Lakini tezi dume imekaa mahali pagumu. Juu yake kuna kibofu, nyuma yake utumbo wa haja kubwa, katikati yake umepita mrija wa mkojo, na ubavuni mwake inapita mishipa ya fahamu inayosimamisha uume. Chochote utakachofanya hapo, kwa kisu au kwa miale isiyoonekana, kitagusa kimojawapo. Mtu anaweza kutoka bila hata mshono mmoja na bado akabadilishiwa maisha.

Ndiyo maana nilipenda sana takwimu za utafiti wa Uingereza uitwao ProtecT, ulioongozwa na Freddie Hamdy wa Chuo Kikuu cha Oxford pamoja na wenzake. Wanaume 1,643 wa miaka 50 hadi 69 waligawanywa kwa bahati nasibu: kundi moja lifuatiliwe tu, la pili likatwe tezi, la tatu lipigwe mionzi. Matokeo ya miaka 15 yalitolewa mwaka 2023. Waliokufa kwa saratani hiyo walikuwa 3.1% kwa waliofuatiliwa, 2.2% kwa waliokatwa na 2.9% kwa waliopigwa mionzi. Tofauti ni ndogo mno kusema njia moja iliokoa maisha kuliko nyingine. Tofauti iliyoonekana ni ya kusambaa: saratani ilisambaa kwa 9.4% ya waliofuatiliwa, dhidi ya 4.7% kwa upasuaji na 5.0% kwa mionzi.

Upande wa madhara ndipo njia zilipoachana. Miezi sita baada ya kuanza, 46% ya waliokatwa walikuwa wanavaa pedi kwa sababu ya mkojo kuvuja. Wa mionzi 5%, wa kufuatiliwa 4%. Kufikia mwaka wa 12 namba zilikuwa 24%, 8% na 11%. Wenye uume unaosimama vya kutosha kwa tendo la ndoa katika miezi sita walikuwa 12% kwa upasuaji, 22% kwa mionzi na 52% kwa kufuatiliwa, ingawa miaka ilipopita umri ulizishusha zote. Mionzi nayo ilikuwa na lake: 12% walivujwa na haja kubwa kufikia mwaka wa 12, mara mbili ya makundi mengine.

Nilimsomea baba mdogo namba hizo moja moja. Alinyamaza kwenye ile ya pedi. Anaswali msikitini mara tano kwa siku, na jambo la mkojo kuvuja lilimgusa kuliko la chumbani. Mwingine angepima tofauti, na hakuna daktari anayeweza kukupimia hilo.

Kuna jambo moja katika ProtecT ambalo Mwafrika analazimika kulisoma kwa herufi kubwa: karibu washiriki wote walikuwa Wazungu. Na huko huko Uingereza, mwanaume mmoja kati ya wanane hupata saratani ya tezi dume katika maisha yake, lakini kwa weusi ni mmoja kati ya wanne. Kwa hiyo namba za kufuatiliwa zinatuhusu, ila tuingie humo kwa uangalifu zaidi.

Kufuatilia kwa karibu

Hii ndiyo njia inayogusa mwili kidogo kuliko zote, na kwa hatari ndogo ndiyo ninayoiweka mbele. Haifanani na kukaa tu nyumbani. Ni ratiba: PSA takriban kila miezi sita, daktari kukagua tezi kwa kidole, picha ya MRI, na kuchukuliwa vinyama tena baada ya mwaka mmoja hivi, kisha kwa vipindi. Dalili ya kupanda ikionekana, unatibiwa, na nia bado ni kuponya. Huko Toronto, kundi la Laurence Klotz lililoanza kufuatilia wagonjwa miaka ya 1990 lilitoa taarifa ya wanaume 993 mwaka 2015: waliokufa kwa saratani hiyo walikuwa 15, na zaidi ya nusu ya wagonjwa walikuwa hawajahitaji tiba hata baada ya miaka 15. Katika ProtecT, kwa upande mwingine, 61% ya waliofuatiliwa waliishia kutibiwa ndani ya miaka 15. Kufuatilia mara nyingi ni kuahirisha. Lakini kuahirisha kwa miaka kumi, mtu akiwa na mkojo wake na ndoa yake, si kitu kidogo.

Gharama yake ni nidhamu. Anayeishi mbali na maabara ya kuaminika, au ambaye fedha za MRI zitatafutwa kwa kuuza kitu, njia hii inaweza kugeuka kuwa kutelekezwa. Pia PSA ina hila zake. Maambukizi ya mkojo huipandisha. Kutoa manii au kuendesha baiskeli siku moja mbili kabla ya kipimo kunaweza kuipandisha. Dawa za finasteride na dutasteride wanazopewa wazee wenye tezi iliyovimba huishusha hadi karibu nusu, na daktari asipojua atasoma namba nzuri isiyo ya kweli. Ule unga wa jirani nilimwomba baba mdogo auweke kando kwa sababu hiyohiyo: hakuna aliyeweza kutuambia ndani yake mna nini.

Na kwa sababu ya lile la weusi, tulikataa kuanza kufuatilia kwa karatasi ile moja. Tuliomba MRI kwanza. Vinyama 12 vya kawaida huchukuliwa zaidi upande wa nyuma wa tezi, na uvimbe uliojificha mbele unaweza kukoswa. MRI ilionyesha doa upande wa mbele. Wakachukua vinyama vingine vinne, safari hii sindano zikipita kwenye msamba badala ya puru, zikilenga doa lenyewe. Majibu: 3+4=7. Hapo mazungumzo yakabadilika. Wapo wenye 3+4 wanaofuatiliwa, hasa kama sehemu ya 4 ni ndogo sana. Yake haikuwa ndogo hivyo.

Mionzi ya nje: siku 37, siku 20 au siku 5

Zamani mionzi ilimaanisha kwenda hospitali karibu miezi miwili, Jumatatu hadi Ijumaa. Sasa utafiti wa CHHiP wa Uingereza, uliohusisha zaidi ya wanaume 3,000, umeonyesha kwamba vipindi 20 kwa wiki nne vinadhibiti saratani sawa na vipindi 37. Kisha ukaja PACE-B, matokeo yake yakatolewa mwaka 2024: wanaume 874 wa hatari ndogo na ya kati, nusu wakapewa vipindi vitano tu vya mionzi yenye nguvu inayolengwa kwa usahihi mkubwa. Baada ya miaka mitano, 95.8% ya wa vipindi vitano saratani ilikuwa haijarudi, dhidi ya 94.6% ya wa mionzi ya kawaida. Bei yake ilikuwa kwenye mkojo: waliopata usumbufu wa kuhitaji kutibiwa walikuwa 26.9% dhidi ya 18.3%. Kwa haja kubwa hawakutofautiana.

Hakuna nusukaputi, hakuna kulazwa. Kwa vipindi vitano mara nyingi huwekwa kwanza alama ndogo za dhahabu ndani ya tezi ili mashine iifuate ikisogea. Kinachohitajika kila siku ni kibofu chenye mkojo na utumbo mtupu, kwa sababu kibofu kikijaa husukuma sehemu ya utumbo juu, mbali na miale, na utumbo uliojaa huisogeza tezi. Wiki ya pili au ya tatu mkojo huanza kuwasha na kuita usiku. Nguvu za kiume haziondoki siku hiyo kama kwenye kisu. Hupungua taratibu kwa miezi na miaka.

Tatizo la vipindi vitano ni mashine na watu wa kuiendesha. Kenya ipo CyberKnife, mashine ya mionzi ya aina hiyo, katika Hospitali ya Rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta. Tanzania mionzi hutolewa Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam na Bugando kule Mwanza. Swali la kumuuliza daktari wa mionzi liwe wazi: kwa saratani yangu hapa mnatoa vipindi vingapi, na tezi mnaielekezaje kila siku? Muulize pia kama unahitaji sindano za homoni. Mwenye hatari ya kati ya upande wa nafuu mara nyingi anaweza kuzikwepa, na sindano hizo zina madhara yake: joto la ghafla, kukosa hamu, mifupa kudhoofika.

Kabla ya kuamua, jambo moja la mbele zaidi. Saratani ikirudi baada ya kukatwa, mionzi bado inawezekana. Ikirudi baada ya mionzi, kuikata tezi ni kazi ngumu na yenye madhara mengi zaidi. Kwa mtu wa miaka 50 mwenye miaka mingi mbele yake, hoja hii ni nzito kuliko kwa wa miaka 70.

Mbegu za mionzi

Hapa mionzi inaingizwa ndani ya tezi yenyewe. Chini ya nusukaputi au ganzi ya mgongo, sindano hupita kwenye msamba zikiongozwa na ultrasaundi na kuacha mbegu ndogo kuliko punje ya mchele, mara nyingi kati ya 80 na 100, zenye aidini 125. Nguvu yake hupungua nusu kila siku 60 hivi, na mbegu zinabaki humo maisha. Wengi wanarudi nyumbani siku hiyo au kesho yake. Ipo pia aina ya chanzo cha iridi kinachoingizwa kwa muda kisha kutolewa.

Kwa saratani ya hatari ndogo, na ya kati ya upande wa nafuu, hii ni tiba nzuri sana, na kama ingekuwa karibu na rahisi kupatikana pengine baba mdogo angeichagua. Haiwafai wote, hata hivyo. Mwenye tezi kubwa mno, mwenye mkojo unaotoka kwa shida tayari, au aliyewahi kukwanguliwa tezi, anaweza kuishia na mpira wa mkojo au kuvuja. Na kwa wiki za mwanzo hushauriwa asimpakate mtoto mdogo kwa muda mrefu wala kukaa amegusana na mjamzito. Kwa babu mwenye wajukuu sita nyumbani, nilimwona akilifikiria hilo kwa uzito kuliko sindano zenyewe.

HIFU na kugandisha: kutibu kipande tu

Ndugu yangu wa Birmingham hakukosea kuvutiwa na HIFU. Mawimbi ya sauti hukusanywa mahali pamoja, kama kioo cha kukuza kinavyokusanya jua hadi karatasi ikaungua, na sehemu yenye saratani huunguzwa huku tezi iliyobaki ikiachwa. Njia ya baridi hutumia sindano zenye gesi ya argoni kugandisha seli hadi nyuzi 40 chini ya sifuri. Mgonjwa huwekwa nusukaputi, huondoka siku hiyo au inayofuata, hukaa na mpira siku chache. Kuvuja mkojo ni kwa wachache sana, na nguvu za kiume hubaki kwa wengi kuliko kwa kisu.

Lakini ushahidi wake haujafika pale ilipo mionzi. Taarifa kubwa ya Uingereza ya mwaka 2022 ilihusu wanaume 1,379 waliofanyiwa HIFU ya kipande. Makadirio yake ni kwamba baada ya miaka saba 69% walikuwa hawajahitaji tiba ya tezi nzima wala saratani yao haijasambaa; wengi wao hata hivyo walikuwa wamefuatiliwa kwa muda mfupi zaidi ya hapo, baadhi walirudia HIFU mara ya pili, na hapakuwa na kundi la kulinganisha. Marekani iliporuhusu mashine hizo mwaka 2015, iliziruhusu kwa kuunguza nyama ya tezi dume, bila kuzitaja kuwa tiba ya saratani. Na saratani hii mara nyingi huwa na chimbuko zaidi ya moja ndani ya tezi moja.

Kwa hiyo baada ya HIFU kazi ya kufuatilia iko palepale: PSA, MRI, vinyama. Hapo ndipo niliposhindana na ndugu yangu. Anayeishi hatua chache kutoka kituo kilichomtibu, na doa lake ni moja, linaonekana vizuri kwenye MRI, 3+4, huyo HIFU inaweza kumfaa. Anayepanda ndege, akatibiwa siku moja, akarudi mahali ambapo hakuna anayejua kusoma MRI ya tezi iliyounguzwa, amelipa fedha nyingi kununua mashaka. Nilimwambia hivyo, akakasirika siku mbili, kisha akanipigia kuuliza nauli ya baba kukaa Dar ni kiasi gani.

Kisu, kwa ufupi

Upasuaji wa roboti huacha matundu madogo, damu hupotea kidogo na mtu hurudi nyumbani mapema. Lakini kinachotolewa ni kilekile, tezi nzima, na mpira wa mkojo hukaa wiki moja hivi. Hatari ya kuvuja na ya nguvu za kiume inategemea zaidi mkono wa daktari na idadi ya tezi alizokwishatoa kuliko roboti, kwa hiyo muulize idadi hiyo bila aibu. Kisu kina heri moja kubwa: tezi nzima hupimwa maabara, na PSA ikishashuka hadi karibu sifuri, ikipanda utajua mapema.

Tulipofikia

Baba mdogo alichagua mionzi ya nje, vipindi 20, bila homoni. Alikaa kwangu Dar wiki nne. Kila asubuhi alimaliza haja kubwa, akapanda daladala na chupa ya maji ya nusu lita ambayo hakuruhusiwa kuigusa hadi muuguzi amwambie zamu yake imekaribia. Mara mbili foleni ilisogea polepole akashindwa kubana, akaenda chooni na kuanza kunywa upya. Ndani alikaa dakika chache tu. Wiki ya tatu alikuwa anaamka mara tano usiku; dawa ya kulegeza njia ya mkojo ikamsaidia, na mwezi na nusu baada ya kumaliza akarudi kuamka mara mbili kama zamani.

PSA ya miezi sita imesoma 2.4. Daktari amemwambia baada ya mionzi hushuka polepole, inaweza kuchukua mwaka na nusu au zaidi kufika chini kabisa, na inaweza kuruka kidogo njiani bila kuwa ni saratani. Tarehe ya kipimo kijacho ameizungushia wino mwekundu kwenye kalenda ya ukutani barazani, na pembeni ameandika kwa mkono wake: baiskeli isipandwe siku mbili kabla.